Taya Langu, na Mama Niliyemwita Mchawi

Akina mama wenzangu, na ninyi baba zetu mliokaa kule nyuma, nashukuru kwa nafasi hii. Mzee wa kanisa ameniambia nipite mbele, lakini naomba nisimame hapa hapa penye benchi langu. Nikishikilia hili benchi nitasema vizuri zaidi.

Wengi mnanifahamu. Mimi ndiye fundi cherehani wa pale barazani, karibu na soko. Sare za watoto wenu nyingi zimepita mikononi mwangu. Wiki iliyopita tuliambiwa kwamba wenye ushuhuda wa kuponywa wajiandae, nami nimepona kichwa kilichonitesa miaka sita. Lakini nawaambia mapema, msije mkasema nimewadanganya: uponyaji umo ndani ya habari hii, furaha ni kidogo. Kwa hiyo nikimaliza naomba msinipigie makofi wala vigelegele. Na sitataja jina la mtu. Wengine mtawatambua wenyewe, maana Karatu ni ndogo.

Niliolewa mwaka ule tuliohamishwa kutoka mashambani kuja kujenga kwa mistari kijijini. Mume wangu alikuwa anafanya kazi hotelini, kule juu ukingoni mwa kreta. Kazi yake ilikuwa kuchochea kuni na kupasha maji ya kuoga wageni, maana kule baridi haina msamaha. Nyumbani alishuka mara mbili kwa mwezi, akipata lori. Mimi nilikuwa na cherehani yangu, nashona sare, na Wamasai waliposhuka na ng'ombe mnadani waliniletea shuka zao za rubega niwapindie kingo. Nyumbani tulikuwa mimi, binti yangu, na mama mkwe wangu. Halafu akazaliwa mvulana.

Mama mkwe wangu Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea chumvi dukani. Mengine yote alisema kwa Kiiraqw. Binti yangu alimwita Aama, yaani bibi, na mimi nikazoea kumwita hivyo hivyo. Alikuwa mkunga wa kijiji, mrefu, mwembamba, sauti yake ya chini. Hakuwa mtu wa maneno matamu. Upendo wake uliuona kwenye kazi: ukiamka unakuta moto umeshawaka, maziwa yamo kwenye kibuyu, na sehemu yako imewekwa kando hata kama yeye hajanywa.

Surua iliingia kijijini wakati wa baridi. Mvulana wetu alikuwa na mwaka mmoja na miezi minne. Hapo sitakaa sana, akina mama mnajua. Nilikwenda zahanati mchana kutafuta dawa, nikapanga foleni, nikapewa. Niliporudi na ile chupa mkononi nilimkuta Aama amemshika mtoto mapajani, ameshamfumba macho.

Sikulia. Watu walisema nina moyo mgumu, wengine wakanisifu kwamba nina imani. Haikuwa imani. Nilijibana tu. Siku ya nane nilirudi kwenye cherehani, nikabana meno, nikashona.

Miezi michache baadaye kichwa kikaanza. Kilianzia hapa kwenye panja, pembeni mwa jicho, kikapita nyuma ya sikio kikashuka mpaka shingoni. Asubuhi ndipo kilikuwa kikali zaidi. Unaamka umechoka usoni kama mtu aliyebeba mzigo kwa meno. Nikipiga mwayo taya linalia "ka", kama kijiti kinachovunjika. Lakini niambieni, nani anakwenda zahanati kusema taya langu linalia? Nilisema kichwa, nikapewa dawa ya kichwa.

Nikameza vidonge mpaka tumbo likakataa. Wakasema ni malaria, nikanywa zile dawa chungu mpaka masikio yakavuma. Nikapimwa presha, haikuwa na neno. Wakasema mafundi cherehani huharibika macho, nikapata miwani. Nikaona uzi vizuri, na kichwa kikaendelea. Halafu maumivu yakashuka shavuni, nikaamini ni jino. Kulikuwa na bwana mmoja aliyekuwa aking'oa meno siku za mnada. Nilimwonyesha jino kwa kidole, akaling'oa. Miezi sita baadaye nikamwonyesha lingine upande ule ule. Yote mawili, nilikuja kuambiwa, yalikuwa mazima.

Katika muda huo wote Aama alikuwa akinihangaikia. Alikuwa anapasha kitambaa penye moto ananikanda mashavuni, ananipaka samli kwenye panja na shingoni. Akinikanda nilikuwa napata nafuu kidogo. Hilo sikulisema kwa mtu.

Siku moja mchana kichwa kilinishinda, nikafunga kazi, nikaja kulala. Nilipofumbua macho nilimwona Aama amekaa kwenye kigoda chake karibu na kichwa changu, ananitazama mdomoni. Akaniambia, "Mwanangu, ukilala unasaga meno. Unayasaga kama mtu anayesaga mtama kwenye jiwe. Kila siku nakusikia. Hicho ndicho kinachokula kichwa chako."

Niligeukia ukutani.

Sasa, ndugu zangu, nisikilizeni hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoanguka, na hakuna aliyenisukuma. Yale maneno nilimsimulia jirani. Nilimsimulia kama jambo la ajabu tu, tukiwa tunachambua maharage. Jirani akaacha kuchambua, akaniuliza, "Na yeye anakutazamia nini ukiwa usingizini?" Swali hilo nikalala nalo. Kesho yake nikaanza kuhesabu mambo. Nani hupika? Nani hukamua maziwa? Nani alikuwa na mtoto siku ile? Mtu ukishaanza kuhesabu hivyo, kila kitu kinakaa upande mmoja wa mizani.

Nikaenda kwa mganga, mbali, ng'ambo ya milima, mahali nisipofahamika. Mimi, mwimba kwaya wa kanisa hili. Yule mganga aliniuliza kama nyumbani kuna mwanamke mzee. Nikasema yupo. Akaniuliza mtoto alifia mikononi mwa nani. Nikasema. Akaniuliza nani aliyenigusa kichwa mara ya mwisho. Nikasema. Kisha akaniangalia tu. Yeye jina la mtu hakulitamka. Aliuliza tu, na mimi nikajibu mwenyewe mpaka nikafika nilikotaka kufika.

Jumapili iliyofuata tulitoka kanisani, na majirani kadhaa wakapitia kwangu kunijulia hali. Baadhi yao wamo humu ndani leo. Tulikuwa tumekaa uani. Aama akatoka jikoni na kibuyu, akanimiminia maziwa kwenye kikombe, akanipa kwa mikono miwili. Nilisimama, nikayamwaga chini mbele ya miguu yake. Nikasema, "Mchawi wewe. Umemla mtoto wangu, sasa unakula kichwa changu."

Nilisema kwa Kiswahili. Ningeweza kusema kwa Kiiraqw, ni lugha yangu na yake. Nilichagua Kiswahili ili majirani wa makabila yote wanielewe.

Neno mchawi alilijua. Mengine yalimpita. Akamgeukia binti yangu, akamuuliza, "Mama yako amesema nini?" Na binti yangu, mtoto wa miaka saba aliyekuwa amefundishwa kumjibu bibi yake kila anapoulizwa, akamtafsiria. Neno kwa neno. Sikumzuia.

Aama aliokota kikombe, akakifuta kwa nguo yake, akakiweka mahali pake jikoni. Hakujitetea. Hakulia. Nikasema moyoni, mnaona, hana la kusema.

Mume wangu aliitwa, akashuka kwa lori la mbao. Alinisikiliza mimi, akamsikiliza mama yake, na sijui mama yake alimwambia nini. Mimi aliniambia jambo moja tu, kwamba atampeleka kwa dada yake. Wifi yangu alikuwa anaishi Oldeani, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba la kahawa. Waliondoka kwa miguu. Mume wangu alibeba blanketi na kigoda. Aama alitangulia mbele, na kabla hajafika barabarani alirudi hatua chache akamkumbusha binti yangu kwamba ndama hajanyweshwa. Kisha akaenda.

Nawaambia, nilingoja kupona. Siku ya kwanza, ya pili, wiki, mwezi. Kichwa hakikuondoka. Nikarudi kwa mganga, akasema mtu wa namna ile hata akiwa mbali mkono wake unafika. Nikaamini na hilo, kwa sababu kutokuamini kungenilazimu kufikiri nilichofanya.

Ikawa miaka minne. Miaka ile ya baada ya vita, ya sukari na sabuni kutafutwa kama lulu, nyote mnaikumbuka. Kwangu ilikuwa miaka ya kichwa. Kinywa kikaanza kukataa kufunguka. Kula nilikula uji na viazi vilivyopondwa. Nyama niliipikia wengine. Nikatoka kwenye kwaya. Niliwaambia kifua kinabana, kumbe nikifungua kinywa kuimba taya linakwama. Cherehani nikaifunika khanga, nikawa naifungua siku mbili kwa wiki, wakati mwingine siifungui kabisa. Binti yangu akawa anaitwa mjukuu wa mchawi shuleni. Alikuwa haniambii, niliambiwa na mwalimu wake. Siku moja aliangusha sufuria, na ule mlio ukanipasua kichwa, nikampiga kwa mwiko mpaka mwiko ukavunjika. Mtoto yule hakulia. Alisimama ananitazama. Nikamwona bibi yake kabisa katika ile namna ya kusimama, na badala ya kuhurumia nikazidi kuchukia.

Mume wangu alikuwa anashuka, analeta alichopata, anakata kuni, anakula, anarudi kazini. Kuzungumza tulizungumza habari za mvua.

Basi nikaamua kung'oa jino la tatu. Yule bwana wa mnadani alikuwa ameshahama. Nesi mmoja wa kliniki, dada mpole, aliniambia kuna tabibu wa meno anayekuja kwenye hospitali ya misheni wiki moja kila mwezi, na akanisisitiza nisimpe tena jino langu mtu wa mnadani. Nikapata nafasi juu ya lori la ngano. Ile barabara mnaijua. Kila shimo lilipita ndani ya sikio langu.

Tabibu alikuwa kijana, mtu wa pwani kwa lafudhi yake, mikono yake ya baridi. Alilitazama jino langu kwa kioo kidogo, akaligonga, akalipulizia hewa. Kisha akaweka vyombo chini.

"Jino hili silitoi, mama," akasema. "Ni zima."

Nilikasirika. Nikamwambia nimepanda lori tangu alfajiri kuja kung'olewa jino.

"Najua, mama. Lakini nikiling'oa, utarudi na kichwa chako kile kile."

Mimi nilikuwa sijamwambia habari za kichwa. Akavuta kiti akakaa mbele yangu. Akaweka vidole vyake viwili hapa mbele ya masikio, akaniambia nifungue kinywa taratibu, nifunge, nifungue tena. Taya likalia. Akaniambia linakwenda upande kabla ya kunyooka, kama mlango uliolegea bawaba. Akaniambia niingize vidole vyangu vitatu kinywani vikiwa vimesimama, viliingia viwili. Kisha akabonyeza hapa shavuni, penye ile nyama inayovimba ukitafuna, akapanda mpaka kwenye panja, akabonyeza.

"Ni hiki?"

Nikaitikia kwa kichwa, machozi yanatoka. Kilikuwa ndicho hicho hicho. Nilikuwa nimekitafuta kwenye damu, kwenye macho, kwenye meno, kwenye nyumba yangu, na kijana huyu amekigusa kwa kidole kutoka nje.

Akanieleza bila haraka. Kwamba mbele ya sikio kuna kiungo, kama goti lilivyo, na kiungo kile kinaweza kuchoka na kuteguka. Kwamba misuli inayofunga taya ina nguvu kuliko tunavyodhani, na ikibanwa usiku na mchana inauma, na maumivu yake mtu anayasikia kichwani. Kwamba yale meno mawili niliyong'oa yaliacha pengo, jino la juu likashuka kufuata pengo, na sasa kila nikifunga kinywa taya linateleza upande. Akaniuliza kazi yangu. Nikamwambia. Akaniuliza uzi naukata kwa nini. Nikamwonyesha, kwa meno, miaka yote. Akacheka kidogo, akanionyesha kwenye kioo jino langu la mbele lilivyolika penye njia ya uzi. Halafu akanionyesha magego yaliyobaki, juu bapa kama yamepigwa msasa.

"Haya hayakulika kwa chakula," akasema. "Usingizini unasaga meno?"

Nikasema sijui.

"Hakuna mtu wa nyumbani aliyewahi kukusikia?"

Ndugu zangu, lile swali lilinirudisha kwenye kile kigoda karibu na kichwa changu. Mwisho nikasema, "Yupo aliyenisikia. Mama mkwe wangu. Alisema nasaga meno kama mtu anayesaga mtama, na kwamba ndiyo yanayokula kichwa changu."

Yule kijana akatikisa kichwa kwa kufurahi. "Basi mama huyo aliujua ugonjwa wako kabla yangu. Mwambie aendelee kukusikiliza, atatusaidia kujua kama inapungua."

Hakuwa na habari. Aliandika kitu kwenye kadi yangu, na mimi nimekaa pale kwenye kile kiti kirefu, nimeshika mdomo.

Nililala kwa mtu wa ukoo wangu karibu na ile hospitali siku nne. Tabibu alinichukua kipimo cha meno kwa kitu laini kama ugali, kikagandia kinywani, kisha akatengeneza meno yangu ya chokaa, na juu ya yale ya chokaa akatengeneza kifaa cha plastiki ngumu, kinaonyesha ndani kama kioo, cha kuvaa juu ya meno nikilala. Akakivalisha, akaniambia niume karatasi ya bluu, akakikwangua penye alama, mara nyingi, mpaka nikifunga kinywa pande zote zinagusa sawa. Lile jino lililoshuka alilisaga kidogo. Akanikataza mahindi ya kuchoma, miwa na nyama ngumu. Akanikataza uzi. Akanifundisha neno ambalo mpaka leo najiambia nikiwa kwenye cherehani: midomo ifungwe, meno yaachane. Na mashavu niyakande asubuhi na jioni kwa kitambaa cha moto, kama Aama alivyokuwa akinifanyia bila kusomea.

Kichwa hakikupona siku moja. Wiki ya kwanza nilikiona kile kifaa kama jiwe. Wiki ya tatu niliamka asubuhi nikakaa kitandani nikisubiri maumivu, hayakuja mpaka mchana. Nilirudi kwa tabibu mara tatu, akakikwangua tena. Baada ya miezi mitatu niliifunua cherehani. Kinywa kikaanza kuchukua vidole vitatu. Hata sasa wakati wa baridi hunisumbua siku moja mbili, lakini ni jambo la kuzungumza nalo, si la kunitawala.

Mtasema, basi ulikimbia Oldeani siku ile ile. Sikukimbia. Nilichelewa miezi minne. Kichwa kilianza kupona mapema, ujasiri haukuwepo. Nilijiambia nasubiri mavuno, nasubiri mvua ikatike, nasubiri mume wangu ashuke. Aliposhuka nilimweleza yote aliyoniambia tabibu. Alisikiliza akiwa ameinama, anachonga mpini wa jembe. Akasema, "Njia ya kwenda Oldeani unaijua."

Nilikwenda na binti yangu. Alikuwa ameshafika miaka kumi na moja. Tulipita katikati ya mibuni, watu wakichuma, hakuna aliyetujua. Wifi yangu alitukuta mlangoni. Hakutukaribisha. Aliniuliza, "Umekuja kuchukua nini tena?"

Nikasema sikuja kuchukua. Akanitazama kwa muda mrefu, kisha akamtazama mtoto, akasogea pembeni.

Aama alikuwa amekaa kwenye kile kigoda chake. Macho yalikuwa yameingia ukungu, hakuniona mpaka nilipopiga magoti. Nikamwambia mimi ni nani. Nikamweleza kwa Kiiraqw, yote, mganga, jirani, tabibu, kifaa. Nikamwambia alichosema kilikuwa kweli na nilichosema mimi kilikuwa uongo. Nililia pale kilio ambacho sikukilia siku ya mazishi ya mwanangu. Akaniacha nilie.

Kisha akanyoosha mikono akanitafuta uso. Akaweka vidole vyake mbele ya masikio yangu, mahali pale pale, na hakuna aliyemfundisha. Akaniambia nifungue kinywa. "Bado linalia kidogo," akasema. Akamshika binti yangu mkono, akaupima urefu wake kwa kumpapasa mpaka begani.

Nikamwomba arudi nyumbani. Nikamwambia mwanawe anamngoja, ng'ombe wapo, kitanda chake kipo.

"Nilikusamehe siku nyingi, mwanangu," akasema. "Lakini sirudi. Wewe umepona. Wale waliosikia bado hawajapona."

Nilimbembeleza, hakubadilika. Tukakaa mpaka jua lilipoanza kuteremka, wifi akatupa chai, tukaondoka.

Nilikwenda tena kila mwezi nilipoweza. Nilimpelekea unga wa mtama, nilimshonea nguo ya mikono mirefu kwa ajili ya baridi. Msimu wa mvua zilizofuata alipata homa ya mapafu, na barabara ilikuwa imekatika. Tulipofika alikuwa ameshazikwa, kule kule Oldeani, kwenye ardhi ya shamba la watu. Kutoka kijijini kwetu walikuja watu watatu. Watatu, kwa mama aliyezalisha nusu ya kijiji kile.

Pale kaburini mume wangu ndipo aliponiambia alichokaa nacho miaka yote. Akasema, "Nilijua si yeye. Niliogopa nikisema nitapoteza wote wawili siku moja." Tulirudi nyumbani kwa miguu, yeye mbele, mimi nyuma, na tope.

Wiki mbili baada ya hapo nilikuwa kwenye mashine ya kusaga, nikasikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba yule mchawi wa fundi amekufa. Alisema bila ubaya, kama mtu anayetoa habari. Nikaelewa maneno ya Aama. Mimi nilikuwa nimeomba msamaha chumbani kwake, mbele ya wifi na mtoto. Lakini tusi nililitoa hadharani, nalo liliendelea kutembea lenyewe bila mimi.

Ndiyo sababu nimesimama leo. Namshukuru Mungu kwa yule tabibu kijana aliyekataa kuling'oa jino zima. Namshukuru yule nesi. Namshukuru wifi yangu, ambaye mwaka huu kwa mara ya kwanza amekuja kula kwangu. Namshukuru mume wangu, na yumo humu, na bado tunajifunza kuzungumza. Binti yangu namshukuru kuliko wote. Nilimpa mzigo wa kutafsiri maneno ambayo hakuna mtoto anayepaswa kuyabeba kinywani.

Mwenye kichwa kisichopona, asiache kutafuta. Simaanishi kila kichwa ni taya. Tabibu mwenyewe alinikataza kusema hivyo. Lakini kama unaamka na uso umechoka, kama taya linalia au linakwama, njoo uniambie, nitakusindikiza mpaka hospitali. Na ukiwa kwenye maumivu, usitafute mtu wa kumtwika. Maumivu hayana subira, yatakuonyesha aliye karibu, na aliye karibu mara nyingi ndiye anayekuuguza.

Waliokuwepo uani kwangu Jumapili ile, siwaombi msimame. Nawaomba mnitazame tu. Nilisema uongo mbele yenu. Mama yule hakuwa mchawi. Mkifika nyumbani, waambieni na watoto wenu.

Naomba nikae.